Ipi Isiyo na Chumvi?

Hodi ilipopigwa, Dada Lishe alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya cherehani akimwokotea mama yake pini, na moyo wake ulimjua mgeni kabla masikio hayajamjua. Akabaki pale pale chini. Mtu mzima na elimu yake, amejibanza chini ya meza kama mtoto aliyevunja sahani!

"Hodi hapa," sauti ikarudia, nzito, imezibwa na barakoa.

"Karibu!" Mama akaitikia, mguu wake haujaacha kukanyaga cherehani. Kisha akainama kumtazama binti yake. "Wewe, umepotelewa na nini huko?"

"Pini, Mama."

"Pini zimejaa mkononi mwako. Inuka ukafungue mlango. Kama ni mteja wa barakoa mwambie za watoto bado."

Hakuwa mteja. Alikuwa Bwana Mwiko, amesimama kizingitini na shati lake la kutokea, kikapu mkononi. Jina hilo alipewa na hospitali nzima kwa sababu yeye ndiye mpishi mkuu, na mwiko wake hakuna mwingine aliyethubutu kuugusa. Mikono mikubwa, maneno machache, na macho ambayo tangu barakoa zianze yalikuwa ndiyo uso wake wote. Dada Lishe aliwahi kuyasoma macho yale kutoka upande wa pili wa jiko, akajua kama leo amelala vizuri au la. Leo aliyatazama mara moja tu, akahamia kwenye kikapu.

"Umekuja," akasema kwa sauti ya chini.

"Ulisema Jumamosi, alasiri. Mama anataka kuniona. Nimekosea siku?"

"Hujakosea. Nilidhani... baada ya yale..."

"Mwaliko ulikuwa wa kabla ya yale," akasema. "Hukunipigia simu kuufuta."

Ni kweli hakumpigia. Hakumpigia kuufuta, wala kumwambia pole, wala kumwambia neno lolote tangu siku ile ofisini kwa Matroni. Alikuwa ameomba kimoyomoyo mtu huyu asije, na sasa alikuwa mbele yake amenyoa vizuri.

"Nani huyo?" Mama akauliza kutoka ndani.

"Shikamoo, Mama," Bwana Mwiko akaitikia mwenyewe.

"Marahaba. Pita, baba, pita. Nawa kwanza hapo mlangoni."

Kulikuwa na ndoo ya bomba na kipande cha sabuni. Akakunja mikono ya shati, akanawa wanavyonawa watu wa jikoni, vidole, kucha, mpaka viwiko. Mama, ambaye hakuwa amepanga kumpenda, alilazimika kuona hilo. Akamwonyesha kiti cha mbali karibu na dirisha, mwenyewe akageuza kiti chake cha cherehani ili amwone vizuri.

"Kwa hiyo ndiye wewe."

"Ndiye mimi, Mama."

"Nimekusikia sana."

"Natumaini mazuri."

"Nimesikia yote," Mama akasema. "Jirani yangu ana mdogo wake anafagia pale hospitalini kwenu. Nasikia siku hizi unashinda nyumbani."

"Ndiyo. Nimesimamishwa kazi."

"Kwa ajili ya chumvi."

"Kwa ajili ya chumvi, Mama."

Mama akamkagua juu hadi chini. "Afadhali husemi uongo. Haya nieleze mimi mshona nguo, nisiyejua mambo ya hospitali. Watu wa moyo, baba, wamelala pale wanaitafuta pumzi, na nyinyi mnawapa chumvi? Mkono uliteleza au akili?"

Dada Lishe alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake. Bwana Mwiko akainua macho, yakampitia kidogo, yakarudi kwa Mama.

"Kulikuwa na sufuria mbili. Zikabadilishana."

"Sufuria hazina miguu."

"Kweli, Mama. Hazina."

"Nikuletee maji, Mama?" Dada Lishe akadakia.

"Maji ninayo. Kaa chini, unanisimamia kama askari."

Akakaa. Gauni lilimlegea mabegani, na Mama, aliyelishona mwenyewe kwa vipimo vya mwaka uliopita, akalivuta begani kulirekebisha bila kusema kitu. Tangu janga lianze alikuwa amelipunguza kiunoni mara kwa mara, na kila akiuliza aliambiwa ni kazi nyingi.

Kazi ilikuwa nyingi kweli, lakini si hiyo iliyommaliza binti yake. Msomaji, ngoja nikuambie kilichokuwa kinamtafuna, maana pale sebuleni hakuna aliyekuwa tayari kukisema.

Dada Lishe ndiye aliyeamua nani ale nini katika hospitali ile. Huyu chakula laini, yule bila sukari, wale wa moyo na figo bila chumvi. Yeye aliamua, Bwana Mwiko akapika, na mapenzi yao yakaanzia hapo, kwenye kidirisha cha jikoni, kijiko kikitoka mkono huu kuingia mkono ule. Zamani sufuria isiyo na chumvi ilifungwa kitambaa chekundu kwenye mkono wake, na hata kipofu angeigusa akaijua. Ugonjwa ulipoingia, vitambaa vikapigwa marufuku jikoni. Kila kitu kipuliziwe dawa. Wapishi wasishushe barakoa mbele ya chakula hata kwa kuonja. Aonje mtu mmoja tu, pembeni, kwa kijiko chake na kibakuli chake. Mtu huyo akawa Dada Lishe. Jiko zima likawa linategemea ulimi mmoja.

Kisha homa ikamshika yeye. Alilala, akakohoa, akapona, akamshukuru Mungu, akarudi kazini. Nguvu zilirudi. Ladha haikurudi. Chai, uji, dawa ya kikohozi, vyote kwake vilikuwa maji ya moto. Harufu nayo ikaenda. Aliunguza maharage nyumbani na kujua tu alipoona moshi. Akawa anakula kwa sababu saa ya kula imefika, na siku nyingine saa ikifika anaiacha ipite. Yeye aliyepita kitanda kwa kitanda akibembeleza, "Kula, mpenzi wangu, hata vijiko viwili," alikuwa anaificha sahani yake mwenyewe chini ya gazeti.

Kwa nini hakusema? Kwa sababu ya aibu, hakuna kingine. Janga lilipoanza, watu wa lishe waliambiwa wakae nyumbani wapige simu, eti wodini hawana la kufanya. Yeye ndiye aliyegoma. Alizunguka kuomba barakoa na aproni kama anaomba sadaka, huku madaktari na wauguzi wakipigiwa makofi barabarani na wao wa lishe hakuna aliyewakumbuka. Alipigania nafasi ile mpaka akaipata. Sasa arudi kwa watu wale wale awaambie kwamba mtaalamu wao wa lishe haijui chumvi? Akajiambia kesho ulimi utaamka. Kila siku akaisogeza mbele, na katikati akajifunza ujanja. Aliweka kijiko mdomoni, akatazama macho ya Bwana Mwiko. Yakiwa yametulia, naye anaitikia kwa kichwa: iko sawa. Mwanamume yule hakuwa mtu wa kukosea, kwa hiyo na yeye hakukosea.

Mpaka siku ile mpuliza dawa aliposogeza sufuria zote ili apulizie sakafu, akazirudisha anavyojua yeye.

"Dada, zimechanganyika," Bwana Mwiko alimwambia kupitia kidirisha, akisogeza vibakuli viwili. "Ipi isiyo na chumvi?"

Akaonja cha kwanza. Cha moto. Akaonja cha pili. Cha moto. Nyuma, toroli za chakula zilishapangwa na wauguzi wanaita. Macho ya Bwana Mwiko safari hii hayakumwambia kitu, yalikuwa yanauliza. Neno moja tu lingetosha: sijui. Wangemwaga, wangepika upya, wagonjwa wangechelewa kula, basi. Akanyoosha kidole.

"Hii."

Kati ya waliokula sufuria ile alikuwamo bibi mmoja mwalimu mstaafu, mcheshi, aliyekuwa akimsahihisha Dada Lishe sarufi kila akimtembelea kitandani. Jua likizama, miguu ya Mwalimu ilikuwa imevimba na pumzi inamkatika. Walimhangaikia kwa oksijeni na dawa, akapona chupuchupu. Kesho yake Matroni akawaita ofisini wote wawili.

"Nani alisema sufuria ipi ni ipi?"

Bwana Mwiko hakujibu upesi. Alimgeukia Dada Lishe, akamngoja. Alimpa muda wa kutosha kabisa. Dada Lishe akatazama vigae vya sakafu.

"Ni kosa la jikoni," mwanamume akasema mwishowe. "Na jiko ni langu."

Huo ndio mzigo uliokuwa umekaa na Dada Lishe kwenye kiti kile cha sebuleni, akimsikiliza mama yake.

"Mimi sina ugomvi na wewe, baba," Mama alikuwa anasema. "Una adabu, naona. Lakini nitakuambia ukweli, maana ukweli haugombanishi. Cherehani hii unayoiona ndiyo iliyomsomesha huyu. Baba yake alipofariki nilishona sare za watoto wa watu mpaka macho yakaanza kunidai miwani. Leo ana cheo chake, ana heshima yake. Nikimpeleka kwa mtu, nataka mtu wa kumwinua. Wewe ulikuwa mtu wa masufuria, nikasema haya, kazi ni kazi. Sasa ni mtu wa masufuria aliyefukuzwa."

"Aliyesimamishwa, Mama," Dada Lishe akanong'ona.

"Unamtetea?"

Hapo ulikuwa mlango, umeachwa wazi. Bwana Mwiko alikuwa anamtazama tena, vile vile kama ofisini. Dada Lishe akahisi shingo inawaka.

"Nasahihisha neno tu," akasema.

Bwana Mwiko akashusha macho, akaanza kufungua kikapu chake taratibu. Laiti angekasirika! Kugombezwa angevumilia.

"Nimekusikia, Mama," akasema. "Mzazi akisema hivyo hajakosea. Mimi nikiwa na binti huenda nitasema zaidi. Lakini nilifundishwa nisiende kwa watu mikono mitupu, na mikono yangu inajua kitu kimoja tu." Akatoa sufuria ndogo mbili zenye mifuniko, zimefungwa taulo. Zilifanana kama mapacha. "Supu ya kuku na mboga. Moja ina chumvi, yenu nyinyi wazima. Nyingine haina hata chembe. Aliniambia Mama una presha."

"Alikuambia?" Mama akauliza.

"Aliniambia hata kwamba akilala unaamka kuongeza chumvi kwenye chakula chako."

Mama hakutaka kucheka. Alikaza midomo, akaangalia pembeni, kicheko kikamtoka puani. "Huyu mtoto mbea! Siri za nyumba anazipeleka jikoni kwa watu!" Akafuta macho kwa ncha ya kanga yake. "Haya. Mgeni haondoki na chakula alicholeta. Nenda ukapakue. Onja, uniletee yangu. Na uonje vizuri, usije ukaniua kama wale wa hospitalini."

Alisema kwa utani. Dada Lishe akabeba sufuria zile mbili kuelekea jikoni.

Jiko lao lilikuwa dogo: meza moja, rafu ya vikombe, dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Akaziweka sufuria mezani, akazifunua. Rangi moja. Karoti zimekatwa sawa, mafuta yamesimama juu sawa. Akachukua kijiko, akaonja ya kushoto. Akafunga macho, akaisukuma supu kila pembe ya mdomo, akiutafuta ulimi wake kama mtu anayetafuta swichi gizani. Hakuna. Akasuuza kijiko, akaonja ya kulia. Hakuna.

Akachungulia chini ya mifuniko, labda kuna alama. Hakukuwa na alama.

Ama hii, ama ile, akajiambia. Mkono wake ulikuwa umeshakamata upawa. Ulizamisha upawa kwenye sufuria ya kushoto, ukajaza bakuli la Mama, lile lenye maua, na supu ikapoa pale ikimngoja. Akalinyanyua. Hatua chache tu mpaka sebuleni. Lakini alipoliangalia bakuli aliiona miguu ya Mwalimu, jinsi muuguzi alivyoibonyeza kwa kidole na shimo la kidole likabaki pale pale kwenye ngozi. Na chini ya cherehani, miguu ya mama yake nayo huwa inavimba jioni akishona sana.

Akalirudisha bakuli mezani.

"Ipi isiyo na chumvi?"

Bwana Mwiko alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshusha barakoa, na ndevu changa za kidevuni zilikuwa zimemea mahali wembe ulipopasahau. Dada Lishe hakuwa ameuona mdomo wake siku nyingi.

"Unanifanyia makusudi," Dada Lishe akasema.

"Ipi, Dada?"

"Umekuja kunitega mbele ya mama yangu."

"Nimekuja kwa sababu niliitwa. Mama anangoja. Ipi?"

Dada Lishe akafungua mdomo aseme "hii", maana uongo uliozoea njia hauhitaji kuongozwa. Kikatoka kilio. Kidogo kwanza, kisha kikamshinda, akaziba mdomo kwa kiganja ili Mama asisikie.

"Sijui," akasema kupitia vidole. "Sijui! Sisikii ladha. Tangu nilipougua sionji, sinusi, sijui chai wala sabuni. Nilikuwa natazama macho yako na kusema iko sawa. Siku ile uliponiuliza nilibahatisha. Nilibahatisha roho za watu!"

Bwana Mwiko hakumsogelea. Aliegemea mwimo wa mlango, akapumua.

"Ulijua?" Dada Lishe akauliza.

"Siku ya sufuria sikujua. Nilijua ofisini, ulivyotazama chini. Mtu aliyeonja akakosea angebisha. Angesema, hapana, mimi nilionja vizuri, sufuria zilibadilishwa baadaye. Wewe ulinyamaza."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu lilikuwa neno lako." Sauti yake ikakwaruza. "Nikasema moyoni, leo jioni atakuja. Ameshikwa na woga, nani haogopi? Akitulia atakuja. Nikapika, nikaweka sahani mbili. Hukuja. Kesho yake nikaweka tena. Mama yangu mzazi akaniuliza, hizi sahani mbili unamlisha nani, mzuka?"

"Nilikuwa na aibu."

"Na mimi sikuwa nayo? Unajua mtaani wananiitaje sasa? Bwana Chumvi. Watoto wanaimba nikipita. Hilo nalibeba, nina mabega. Lakini wewe, kunitazama nikizama na kamba iko mkononi mwako..." Akatikisa kichwa. "Sikukasirishwa na sufuria, mpenzi. Ulimi kuugua si kosa. Nimekasirishwa na vigae."

"Vigae?"

"Ulivyovitazama pale ofisini badala ya kunitazama mimi."

Dada Lishe akakosa pa kuweka uso. Kuna aibu ya kuonwa na watu, hiyo ndiyo aliyokuwa akiikimbia siku zote. Hii ilikuwa nyingine. Hii ilikuwa ya kuonwa na mtu mmoja anayekupenda, na haina pa kukimbilia.

"Na kama ningempelekea Mama lile bakuli?"

"Ningekupokonya hapo hapo mlangoni. Mama wa watu ana kosa gani?" Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha kitambaa chekundu kilichochanika kingo, kile kile cha sufuria ya hospitali. Akaiendea meza, akakifunga kwenye mkono wa sufuria ya kulia, fundo moja, akalikaza. "Hii ndiyo isiyo na chumvi."

Dada Lishe alikuwa amejaza bakuli la Mama kutoka sufuria ya kushoto.

Akalitazama bakuli lile mpaka machozi yakakauka yenyewe. Kisha akalimwaga kwenye beseni, akaliosha, akalijaza kutoka sufuria yenye kitambaa, akatoka nalo sebuleni bila kufuta uso.

"Muda wote huo mnapakua au mnachinja kuku mwingine?" Mama akaanza, kisha akauona uso wa binti yake. "Nini? Amekufanyia nini?"

"Hajanifanyia kitu. Mama, weka mkasi chini unisikilize. Si yeye aliyewapa wagonjwa chumvi. Ni mimi."

"Wewe unapika?"

"Mimi naonja. Aliniuliza sufuria ipi, nikamwonyesha isiyo yenyewe, kwa sababu siwezi kuonja tangu homa ile. Nilijua siwezi. Sikumwambia mtu. Halafu alipoulizwa akabeba yeye, na mimi nikamwacha."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mama akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha barakoa, akaivaa tena, kana kwamba tatizo lilikuwa kwenye vioo.

"Ulikula maandazi yangu ya juzi ukasema matamu," akasema taratibu. "Nilikuwa nimesahau sukari. Nilidhani unanionea huruma."

"Nisamehe, Mama."

"Na huyu nimemtukana hapa nyumbani kwangu, wewe umekaa kwenye kiti." Mama akamgeukia Bwana Mwiko aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni. "Na wewe ukakubali kutukanwa?"

"Hukunitukana, Mama. Ulimtukana aliyefanya."

"Mungu wangu," Mama akasema.

Dada Lishe akachukua simu yake juu ya meza kabla ujasiri haujamtoka. Matroni alipokea haraka, nyuma yake kelele za wodi.

"Matroni, samahani kwa kukupigia Jumamosi. Ni mimi wa lishe. Ile sufuria, niliyeionyesha ni mimi. Mpishi hana kosa. Sisikii ladha tangu nilipougua, na nilikuwa naendelea kuonja."

Mtu akakohoa mbali huko.

"Tangu ulipougua," Matroni akarudia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana. "Mwanangu, mimi nilipougua sikusikia hata harufu ya dawa ya choo. Nusu ya wauguzi wangu hivyo hivyo. Ungeniambia ningeweka mtu mwingine aonje. Ni hilo tu."

Ni hilo tu! Dada Lishe akakaa chini.

"Jumatatu asubuhi uje ofisini, uyaseme mbele ya watu wote niliowaambia ni mpishi," Matroni akaendelea. "Na yeye aje. Kuhusu wewe sijui wataamua nini, sikudanganyi. Na kabla ya hapo upite wodini kwa Mwalimu. Anakuulizia kila siku. Anasema umeacha kumtembelea, labda amekukosea."

Simu ikakatika. Bwana Mwiko alikuwa anapandisha barakoa yake, anachukua kikapu kitupu.

Dada Lishe akamfuata mpaka nje, kwenye ndoo ya kunawia. Alitaka kumshika mkono, akaona hastahili, akashika ukingo wa ndoo.

"Bado unanipenda?"

Macho yake yakaja, yote mawili, na safari hii Dada Lishe hakukimbia. Yalikuwa yamechoka, yana maji.

"Kukupenda sijaacha," akasema. "Ningekuwa nimeacha nisingenyoa. Kukuamini ndiko..." Akatafuta neno, akalikuta lile lile. "Sijui."

Liliuma kuliko tusi. Lakini lilikuwa neno la kweli, na yeye ndiye aliyekuwa amemnyima neno hilo.

"Sufuria zako," akakumbuka. "Ngoja nikutolee."

"Ziache. Nitazifuata."

"Lini?"

"Zikiwa safi," akasema, akaondoka na kikapu chake kitupu, na Dada Lishe akasimama pale mpaka shati lile lilipopotea kwenye kona.

Aliporudi ndani alimkuta Mama amemaliza bakuli lote, analikwangua kwa kijiko.

"Haina chumvi hata chembe," Mama akasema bila kuinua macho, "na nimeimaliza. Huyo mtu amezaliwa na mkono wake."

"Mama, wanaweza kunifukuza kazi."

"Wanaweza. Nitakufundisha kushona barakoa." Akasukuma bakuli pembeni. "Nilikuwa nakupunguzia magauni, nakupunguzia, najiambia mtoto anafanya kazi sana. Mimi mama yako, natumia futi kila siku, sikukupima moyo. Njoo hapa."

Akaja, akapiga magoti pale pale karibu na pini, akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akalia sasa kwa sauti. Mama akamwachia alie. Alipotulia, Mama akanyanyuka kwenda jikoni, akarudi ameshika kile kitambaa chekundu. Akakigeuza mbele ya miwani.

"Kinafumuka," akasema. "Angalia kingo. Fundi gani anaacha kitambaa hivi?" Akabadilisha uzi, akatia mwekundu, akakanyaga cherehani. Akapinda upande huu, akapinda na ule, akakata uzi kwa meno. "Mpishi wako akija umwambie kitu kisichopindwa hakidumu."

Dada Lishe akainua kichwa. "Mpishi wangu?"

"Usinichoshe. Sufuria za watu zimekaa jikoni, na kwangu mimi sufuria ya mtu hairudi tupu. Utampikia nini?"

Akafikiria. Akaenda jikoni, akaziosha sufuria zile mbili kwa maji ya moto mpaka zikang'aa, akamenya viazi, akakata kitunguu ambacho hakikumnukia lakini kilimtoa machozi kama kawaida yake. Akatia maji. Akatia chumvi kwa vidole, akakoroga, akachota kwenye kijiko. Kwa mazoea akakipeleka mdomoni, akakisimamisha njiani.

"Mama!" akaita, kwa nguvu, majirani wakipenda wasikie. "Njoo unionjee, mimi sijui."